Mstari wa Mzee Massing

Rolenas alikuja kisiwani kwetu Malekula kutoka chuo kikuu cha mjini Vila, kutafiti jinsi kijiji kizima kinavyoweza kutengeneza filamu moja. Sharti lake: kila mtu apige picha za video kwa simu yake, na kisikatwe kipande chochote mpaka wote tukubaliane. Nilimcheka. Sisi hata kukubaliana laplap, chakula chetu cha kuoka kwa mawe, ipakuliwe lini ni vita.

Siku ya kwanza mzee Massing alichuchumaa uwanjani, akatandaza majivu, akamchora kasa wa ukoo wake. Michoro yetu ni mstari mmoja tu. Kidole hakiinuki, mstari haurudii njia uliyokwisha kupita, na mwishowe unarejea ulipoanzia. Ukikosea, haufungi. Kasa yule alijulikana na mzee peke yake. Kamera ya Rolenas ilizimika katikati kwa kuishiwa chaji. Mzee alimaliza, akafuta majivu kwa kiganja kama ilivyo desturi, akaenda kula. Wiki iliyofuata tulimzika.

Tulipokaa kutazama picha, Rolenas alisema kwa upole kwamba kipande kile tukiondoe, maana hakijakamilika.

"Ukiondoe ukipeleke wapi?" Leitare akamjia juu. Ni mke wa kaka yangu na mtoto pekee wa Massing. "Mtu akifa anasimamishwa njiani kwenda kwa wafu. Mlinzi anamfutia nusu ya mchoro, anamwambia malizia. Ukishindwa, anakutafuna. Sasa baba kaniachia nusu. Mimi nitapita vipi?"

"Shemeji, kwa mdomo huo, mlinzi ndiye atakayekimbia," nikasema.

Watu wakacheka. Yeye alikuwa analia, nami nikajiona mpumbavu.

Rolenas akasema, "Leteni simu zote za siku ile."

Zikaletwa. Mama mmoja alikuwa amepiga picha mawe ya kuokea laplap, na nyuma ya moshi kidole cha mzee kilikuwa kinazunguka. Msichana mmoja alikuwa amejipiga picha yeye na nywele zake mpya, na juu ya bega lake ukaonekana ukingo wa gamba. Mimi nilikuwa nimerekodi kucha ya dole gumba langu mwanzo hadi mwisho, nikatukanwa vizuri sana. Lakini sauti ya mzee ilisikika humo: "Sasa anageuka, anatafuta pumzi." Kwa sauti hiyo Rolenas akavipanga vipande kwenye kompyuta yake, na marehemu akaanza kuchora mbele yetu kutoka kila upande. Muda wote ule tulikuwa tunatembea naye mifukoni bila kujua.

Leitare alitandaza majivu chini ya kioo cha kompyuta, akamfuata baba yake mkunjo kwa mkunjo. Kisha picha zikaisha.

"Hapo ndipo tulipoitwa kula," mtu akanong'ona.

Kichwa cha kasa kilibaki, na kikono kimoja. Kidole cha Leitare hakikusimama. Kilipanda polepole, kikapinda, kikapenya kati ya mistari bila kuigusa, kikashuka, kikafika pale pale kilipoanzia. Mstari ukafunga.

Mlima wa moto wa kisiwa jirani nimeuona ukilipuka mara nyingi, lakini sijapata kuogopa kwa furaha namna ile.

"Nani alikuonyesha?" Rolenas akauliza.

"Hakuna. Ilibaki njia moja tu, kidole hakikuwa na pengine pa kwenda."

Akafuta majivu kwa kiganja. Hapo Rolenas akaitazama simu yake, akapiga yowe. Hakuwa amebonyeza. Tukatazamana. Kijiji kizima, simu mikononi, na hakuna hata mmoja aliyerekodi.

"Afadhali," Leitare akasema. "Kasa ni wa kwetu, lakini nyote mlimtunza. Njoo uchuchumae hapa, mdogo wangu. Siku mlinzi akikufutia nusu, simu hutakuwa nayo."

Rolenas akaweka simu chini, akanyoosha kidole.