Soli za Mchumba Wangu

Mji wetu unaishi kwa kushona viatu vya ngozi, na katika mafundi wote hakuna mwenye mdomo kumshinda Baba. Yeye hamwangalii mtu usoni. Anamwambia avue kiatu, anakigeuza, anasoma soli. Ndivyo alivyowafukuza wachumba wawili wa dada yangu, mmoja kwa uvivu, mwingine kwa uchoyo. Dada akaishia kuolewa mbali, na mtu aliyeposa kwa simu.

Mimi nilimtaka mwoka mikate, tena nilimtaka kwelikweli. Tatizo lake ni viatu. Alikuwa na kandambili tu, ya kushoto bluu, ya kulia kijani, zote zimetobolewa na cheche za tanuri. Siku ya kuja kujitambulisha nikapekua stoo yetu, na nyuma ya magunia ya vipande vya ngozi nikakuta viatu vyeusi vimefungwa kwenye gazeti. Vilikuwa vya kiwandani, na Baba anachukia viatu vya kiwandani kuliko panya. Nikajiambia ni vya mteja aliyevisahau. Afadhali hivyo kuliko kumvalisha kazi ya Baba mwenyewe, angeitambua kabla ya salamu.

Mchumba wangu akaingia karakana akichechemea, maana vilimbana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vua."

Baba akavaa miwani, akageuza kiatu cha kulia. "Cha kiwandani," alisema, kana kwamba amekuta unywele kwenye chai. "Haya. Soli imelika nje: mbishi, haambiliki. Kisigino kimesagika: mvivu, anaburuza miguu. Na huku mbele ndiko kumekwisha kabisa. Huyu hutoka nyumbani akinyata. Kuna jambo anamficha mkewe."

"Sijaoa, baba."

"Ukioa utamficha."

Nikahisi machozi. Mama, aliyekuwa akipaka gundi, akaweka brashi chini, akaja kuchungulia kiatu.

"Endelea, baba watoto," alisema kwa upole ulionitisha. "Na huyo mkewe anamvumiliaje?"

Baba akaingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto, na mkono ukasimama. Akakielekeza kwenye mwanga. Ndani ya kisigino mlikuwa na kiraka cha ngozi nyekundu, kimeshonwa kwa ule mshono wake mfupi mfupi unaojulikana mji mzima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kiraka hakikuondoka.

"Miaka minne," Mama alisema. "Unaniaga unakwenda kununua ngozi, kumbe unabadilisha viatu pale njia panda, nyuma ya kibanda cha maji. Na mimi nilidhani una mwanamke, mpaka nilipokufuata!"

"Vyangu vya kushona vinaniumiza," Baba alisema kwa sauti ndogo sana.

Sikuwahi kumwona vile. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau posa yangu.

Hapo hapo akaingia mwenyekiti wa mafundi, aliyekuja kuazima nyundo. Wiki ile ile yeye na Baba walikuwa wamepita mitaani na kipaza sauti wakiwaambia watu waache viatu vya kiwandani. Akaona vile vyeusi mkononi mwa Baba.

"Fundi! Takataka hizi za nani?"

Baba akaviweka chini haraka.

"Zangu, mzee," mwoka mikate alisema. "Baba alikuwa ananisomea soli. Nimeambiwa mimi mbishi, mvivu, na nina siri. Yote kweli."

Mwenyekiti akacheka mpaka akashikilia mlango. Baba hakucheka. Alimtazama kijana usoni, na mimi ndiyo mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu usoni.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Nampima mguu, nimshonee vya harusi."

Alivishona kwa wiki tatu. Siku ya harusi mume wangu alichechemea kuliko siku ya posa, na Baba, mstari wa mbele, akaitazama miguu ile kwa fahari tupu.

"Vinakubana?" nilimnong'oneza mume wangu.

"Vinaniua," alisema, huku akiwapungia wageni mkono. "Lakini nimeongea na baba. Nyuma ya kile kibanda cha maji kuna nafasi ya watu wawili."