Ndege ya Kivita Uani kwa Mama Pacha

Tangu astaafu kazi ya kuunda bodi za mabasi, Baba Pacha alikuwa kero ndani ya nyumba. Mlango usiolia aliutia mafuta. Kiti kizima alikipigilia misumari. Siku aliyofungua redio ya jikoni kisha akashindwa kuirudishia, mkewe alimwambia, "Mzee wangu, nakupenda, lakini tafadhali utafute kitu kikubwa cha kuharibu, uniachie hivi vidogo."

Kitu kikubwa kikaja chenyewe. Kililetwa na mtunzaji wa makumbusho madogo yaliyokuwa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, nje kidogo ya mji. Wakati wa vita ndege za kivita zilikuwa zikiruka pale kutwa. Sasa palibaki nyasi, banda moja na picha za ukutani. Mtunzaji alitaka ndege ya kusimamisha getini, yenye ukubwa uleule wa zile za vita, ila ya mbao na bati na isiyo na injini. Alikuja na michoro kibao, akaitandaza mezani.

"Nimeambiwa wewe ukionyeshwa picha ya basi, unatoa basi," alisema.

"Basi ni sanduku lenye magurudumu, bwana. Hii imepindapinda kila mahali," Baba Pacha alijibu. Lakini macho yake yalikuwa yameshazama kwenye karatasi, na kidole kilikuwa kikifuata mstari wa bawa polepole, kama mtu anayempapasa paka.

Mama Pacha alikuwa akiingia na chai. Alipoitupia jicho ile michoro, aliiweka sinia juu ya kiti akainama kuitazama.

Ndege ile aliijua. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi zilizopakana na kiwanja kilekile, na baba yake alikuwa mmoja wa mafundi wa ndege hizo. Akiwa mdogo, yeye ndiye aliyempelekea chakula cha mchana hadi kwenye uzio. Baba alikula akiwa amesimama, sikio likiwa juu. Ndege ikipita alitikisa kichwa. "Huyo anakohoa," alisema huku akitafuna. "Leo mama yako asinisubiri." Na kweli, ndege ikishakohoa, baba hakuonekana nyumbani mpaka iache.

"Ifanye," Mama Pacha alimwambia mumewe mgeni alipoondoka.

"Hata hujaniuliza kama naweza."

"Redio yangu imekushinda. Labda ndege utaiweza."

Kazi ikaanza kwenye karakana ya uani, pale ambapo Baba Pacha alikuwa akinyoosha magari ya majirani siku za mapumziko. Kwanza alikata mbavu za mbao, moja baada ya nyingine, akazisimamisha kwa mpangilio mpaka karakana ikaonekana kama tumbo la samaki mkubwa aliyeliwa akabaki mifupa. Kisha zikaja plaiwudi za kuzivisha mbavu, na juu ya plaiwudi bati jembamba la alumini. Vumbi la msasa liliingia hadi kwenye sukari. Watu wa mtaa, ambao miaka yote walimwita mzee yule Bodi, walikuwa wakichungulia dirishani.

"Bodi, abiria wanakaa wapi?"

"Ni mmoja tu, na si wewe."

Ilipofika zamu ya kupiga ribiti, vile vipini vya kushikizia bati, fundi alihitaji mtu wa kuingia ndani ya kiwiliwili cha ndege, ashikilie chuma upande wa pili wakati yeye anagonga nje. Mama Pacha ndiye aliyekuwa na umbo la kupenya. Basi wakawa wanashinda hivyo, yeye ndani, mumewe nje, bati likiwa katikati yao, wakipiga soga bila kuonana.

"Upo?"

"Nipo. Nitaenda wapi, umeshanifungia ndani?"

"Ningejua dawa yako ni hii, ningejenga ndege siku nyingi."

Mama Pacha alicheka mpaka chuma kikamponyoka. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu mapacha wao, mabinti wawili, wahame nyumbani.

Kiti cha rubani kilipokuwa tayari, Baba Pacha alimwita mkewe ajaribu kukaa. Alimpandisha juu ya bawa kwa ngazi, akamshika mkono mpaka akatulia ndani. Ndege ilikuwa juu ya matofali, imenyooka kama meza. Mama Pacha aliangalia mbele. Aliona ukuta, kalenda, na koti la mumewe msumarini.

"Sivyo," alisema.

"Sivyo vipi? Nimeufuata mchoro mpaka nukta ya mwisho."

"Mchoro unaionyesha ikiwa angani. Ikiwa chini ilikuwa inakalia mkia, pua juu. Baba aliwahi kunipakia siku moja, wakubwa wake hawapo. Sikuona uwanja, sikuona watu. Niliona mbingu tupu, nikadhani tumeshapaa. Nikalia nishushwe."

Baba Pacha hakubisha. Aliweka jeki nyuma, akaanza kuondoa matofali ya mkiani, na ndege ikashuka taratibu mpaka gurudumu dogo la nyuma likagusa sakafu. Pua ikainuka. Ukuta ukapotea machoni mwa Mama Pacha, kalenda ikapotea, zikabaki mbao za paa na mwanga uliopenya kwenye matundu ya bati.

Mumewe alipopanda juu ya bawa kumwangalia, alimkuta anabubujikwa na machozi.

"Nimekuumiza? Kuna ribiti imekuchoma?"

"Hapana." Alijifuta kwa ncha ya khanga. "Unajua vita vilipoisha walimfanya nini baba yangu? Walimpa shoka. Yeye na wenzake waliozitengeneza usiku na mchana, wakaambiwa wazikatekate. Zile ndege zilikuwa hazina kazi tena. Alumini ikayeyushwa, ikawa sufuria. Mama alinunua mojawapo sokoni, sufuria nzuri, nyepesi, inachemsha haraka. Baba alipoambiwa imetokana na nini, hakula nyumbani siku ile. Mama akaiuza. Na baba mpaka anaingia kaburini hakutaja tena neno ndege."

"Miaka yote hii hujaniambia."

"Ningeanzia wapi? Wewe ulikuwa mtu wa mabasi."

Baba Pacha alikaa juu ya bawa, miguu ikining'inia, mkono wake begani mwa mkewe. Siku ile hakuna aliyegonga ribiti nyingine.

Baada ya hapo fundi alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Kioo cha plastiki cha juu ya kiti cha rubani alikikunja kwa moto mpaka kikakaa sawa. Pangaboi la puani alilichonga kwa randa kutoka kwenye mbao alizozigandisha kwa gundi, na alilifunga kwa namna ambayo upepo ungeweza kulizungusha. Rangi ya tumboni walibishana wiki nzima. Mchoro ulisema kijivu, Mama Pacha alisema ilikuwa kama samawati iliyofuliwa sana, na samawati ikashinda.

Siku ya kufungua geti la makumbusho ilipokaribia, Baba Pacha alichukua futi kamba, akapima mlango wa karakana. Akapima mabawa. Akarudi mlangoni akapima tena, kana kwamba mlango ungeona aibu ukajipanua. Kisha akaketi juu ya ndoo ya rangi, akashika tama.

Mchoro ulitaka mabawa yafunguke kwa bolti. Lakini yeye, kwa kuogopa yasije yakalegea, alikuwa amepitisha boriti moja ndefu tumboni mwa ndege, kutoka ncha hadi ncha. Kitu kilikuwa imara kama daraja, na hakikuwa na pa kutokea.

Mama Pacha akiwa jikoni alisikia meno ya msumeno yakikwaruza bati. Alitoka mbio, mikono ikiwa na unga.

"Weka chini huo msumeno!"

"Nitakata hapa mwanzo wa bawa, nitaunga tena kulekule uwanjani. Nikishapaka rangi, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Baba yangu alizikata kwa sababu aliamriwa. Wewe nani amekuamuru?"

Baba Pacha akabaki na msumeno mkononi. "Sasa tutaitoaje, Mama Pacha? Kwa dua?"

Mkewe alikwenda kwenye kona ya vyuma, akaiburuta nyundo kubwa kuliko zote, akaisimamisha mbele ya ukuta uliotazama barabara.

"Ukuta huu tuliujenga wenyewe," alisema.

"Ndiyo maana nausikitikia. Ulikuwa na mimba ya mapacha, ukinipa tofali moja, linalofuata unalimega unakula. Ungekuwa mnene zaidi huu ukuta kama si tamaa zako."

"Basi nusu yake ni yangu. Anza na nusu yangu."

Wakaubomoa. Majirani waliposikia kishindo walidhani wazee wamegombana. Walipoona kinachoendelea, wakavua mashati. Asubuhi iliyofuata pacha mkubwa, dereva wa lori, alirudi nyuma kwa lori lake mpaka pale palipokuwa ukuta, akashuka, akaishangaa ndege mdomo wazi.

"Mama, kwenye simu mlisema ni mzigo mdogo!"

Waliivuta polepole, ikiwa imekalia magurudumu yake yenyewe, mkia umefungwa nyuma ya lori, wanaume wameshika ncha za mabawa kuyakwepesha nguzo na matawi. Kwenye njia panda askari wa barabarani aliinua mkono.

"Chombo hiki kimesajiliwa?"

"Hakina injini, afande," alisema Baba Pacha.

Askari aliizunguka, akafikiri. "Basi ni mkokoteni," aliamua, akasimamisha magari pande zote mpaka ikapita.

Uwanjani waliisimamisha getini, mkia chini, pua juu. Mtunzaji alizunguka akipiga picha, watu wakapanda ngazi kwa zamu kuchungulia kiti cha rubani. Jua lilipoanza kuwa kali wengi waliondoka. Upepo ulipita kwenye nyasi, na pangaboi likazunguka mara mbili tatu, likasimama. Mama Pacha aliliangalia bila kusogea, sikio likiwa juu.

Mumewe alikuwa amejinyoosha chini ya bawa, kwenye kivuli. Alikuwa hoi, usingizi ulimchukua papo hapo, viatu miguuni. Mama Pacha akaketi kando yake, akamtoa vumbi la matofali kwenye nyusi. Akaanza kumwelekeza kwa kidole, kwa sauti ya chini, ingawa hakuwa na wa kumsikia: pale palikuwa na uzio, kule mapipa ya mafuta, na kule mwisho, penye ule mti mmoja, mama yake alianika nguo, na ndege zikiruka na kuzipeperusha ilibidi aziokote na kuzifua upya. Aliendelea hivyo, nyumba moja baada ya nyingine, jirani mmoja baada ya mwingine, mpaka binti yao akapiga honi ya kuwarudisha nyumbani.