Jua la Mpiga Pasi

Mpiga pasi alikunja shuka la mwisho, akaliweka juu ya rundo, akajigonga mgongo kwa ngumi kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya jumba la kufulia, hakina dirisha hata la kusingizia, na kutwa nzima kilijaa mvuke wa mashuka ya hoteli. Humo ndani mtu hajui kama nje kunanyesha au kunawaka. Alifungua mlango, akakuta giza limeshaingia, akaenda zake nyumbani.

Nyuma ya chumba chake cha kupanga, jua lilikuwa bado halijazama.

Lilianza kumngoja mwaka ule hoteli ilipoongeza vyumba, naye akaanza kuchelewa. Mtaa mzima unawasha taa, lakini uani kwake mwanga wa jioni umetulia juu ya ukuta, rangi ya asali. Unaishia kwenye uzio, hauvuki. Mwenye nyumba alikuja mara moja kuangalia nani ameacha taa inawaka, akakuta ni jua, akarudi kulala. Majirani walileta nguo zao zilizogoma kukauka. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimlelea mtoto, ndiye aliyesimamia kamba.

"Mashuka marufuku!" aliwaambia. "Hapa si hotelini."

Mpiga pasi yeye aligeuza ndoo, akakaa, akatia miguu kwenye beseni la maji. Binti yake alikuwa macho akimsubiri. Walimwita Kasuku kwa sababu maneno yake hayakuwa na kituo. Mama, konokono ana haraka? Mama, sisimizi wale wamebeba bawa la nani? Mama, jani likidondoka, mpapai unaumia? Mama hakuwa na majibu mengi, kwa hiyo walitazama tu pamoja. Konokono alipanda ukuta na kuacha mstari unaong'aa. Sisimizi walilisukuma lile bawa kwenye ufa, likakataa kuingia, wakaligeuza, wakasukuma tena. Taratibu mvuke ulimtoka mpiga pasi kifuani, mabega yakashuka, akajisikia mtu tena. Kile kipande cha jioni na mwanawe ndicho kilichomwamsha kesho yake, wala hakuomba zaidi. Akishatosheka husema, "Haya basi," na jua linazama bila kinyongo.

Jioni moja alirudi na ufunguo wa stoo mfukoni mwa aproni. Msimamizi wake akaufuata. Alikuja akijikwaa gizani njia nzima, akafika uani, akafinya macho.

"Karibu, bosi. Pole na njia," mpiga pasi akasema, akampisha kwenye ndoo.

Msimamizi alisema hakai. Akakaa. Akavua viatu, halafu soksi. Kasuku akamwonyesha konokono na kumsimulia habari zake zote, ukoo mzima. Yule bwana alitazama ukuta mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa tai.

"Tangu nianze kazi sijaiona jioni," alisema.

"Basi leo umeiona," wifi akamjibu.

"Na ukichelewa, linakuacha?"

"Liniache wapi, bosi!" mpiga pasi akasema, kwa fahari kidogo. "Linaningoja mpaka nifike."

Wifi alimfinya mkono, lakini neno lilishatoka. Msimamizi aliondoka akipiga mluzi, na ule ufunguo akausahau.

Wiki iliyofuata hoteli ilipata wageni wengi, na zamu ya pasi ikasogezwa mpaka usiku wa manane. Wenzake walinung'unika. Yeye alimfuata msimamizi, akamweleza kwamba ana mtoto mdogo.

"Mama Kasuku, wengine nawaelewa," msimamizi alisema kwa upole, tena upole wa kweli. "Lakini wewe? Wewe jua linakungoja. Haraka ya nini?"

Mpiga pasi alirudi kwenye meza yake. Maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Siku hiyo alifika mtaa umeshalala. Jua lilikuwa palepale ukutani, halikusogea hata kidole. Sisimizi walikuwepo. Kwenye mkeka Kasuku alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mwanga umemjaa usoni.

"Amejitahidi, wifi," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Amenawa uso, akanawa tena. Usingizi umemshinda."

Kando ya mkeka palikuwa na kikombe cha plastiki kimepinduliwa. Mpiga pasi alikiinua. Konokono akatoa pembe, akapeleleza huku na huku, akashika njia ya ukutani.

"Alimfunika ili naye akungoje. Eti mama akija, wamtazame wote wawili."

Mpiga pasi alikaa kwenye ndoo. Alimtazama konokono mpaka akafika juu. Ulikuwa uzuri uleule wa siku zote, na haukumsaidia kitu. Kisha akamfunika mtoto uso kwa pindo la nguo yake, ili mwanga usimsumbue.

"Haya basi," akasema, na jua likazama.

Asubuhi aliondoka Kasuku hajaamka. Baadaye msimamizi alipitia chumba cha pasi, akaingiza kichwa kwenye mvuke.

"Vipi, jana lilikungoja?"

"Liliningoja, bosi."

"Si unaona?" msimamizi akasema. Alifurahi kwa dhati, akafunga mlango ili mvuke usitoke.