Miwani ya Wajina

Fundi cherehani alikuwa na miaka thelathini na moja kazini, na kwa siku kumi na tatu sasa alikuwa akishona kwa kubahatisha. Miwani mpya ilimletea ukungu mtupu. Sindano moja aliiona mbili. Mtengeneza miwani alimwambia avumilie, macho yatazoea baada ya wiki mbili, na yeye ni mtu wa kushika masharti. Ya zamani mjukuu alishaikalia, tena kwa nguvu zake zote, ikavunjika.

Hakumwambia mtu. Mwanawe alikuwa kazini mbali, na mkwe aliyebaki naye nyumbani, fundi hakuona vipi angempa siri hiyo. Si kwamba binti wa watu alikuwa na ubaya. Ni fundi mwenyewe aliyemkataza kugusa cherehani tangu wiki ya kwanza ya ndoa, akidai nyumba moja haina nafasi ya mafundi wawili. Ukishamfungia mtu mlango wako, unaona haya kwenda kugonga wa kwake.

Na hofu aliyokuwa nayo si ndogo. Mama yake mzazi alipofuka akiwa na umri kama wake wa sasa, akamaliza maisha akilishwa na kusogezwa kama kiti. Cha ajabu, wateja hawakulalamika. Aliyechukua sare za wanawe alisifu hadi akarudi na mashati mengine. Fundi akajipa moyo kwamba mikono ina kumbukumbu zake. Lakini mezani palikuwa na gauni la harusi, na gauni la harusi halina mzaha. Siku ya kumi na nne akakata shauri: akaulize, na akiambiwa macho ndiyo basi, gauni atalirudisha na cherehani ataiuza.

Kwenye duka la miwani, dada wa mapokezi aliita jina. Fundi akasimama. Akasimama pia mwanamume mmoja mpana wa mabega, kisha mwalimu mstaafu aliyekuja tu kukaziwa skrubu. Jina lenyewe huitwa wake kwa waume, na baba zao watatu nao waliitwa jina moja, ingawa hawakuwa na undugu hata wa kuazima. Waliokuwa wakisubiri wakacheka. Yule mpana hakucheka. Alikuwa akiikazia macho miwani ya fundi, nyeusi kama yake.

"Mama," alisema taratibu, "hebu tubadilishane kidogo."

Walibadilishana. Fundi akatazama kiganja chake, akaona kila mstari.

Kumbe duka lile huandika jina tu juu ya pakiti, na wiki mbili nyuma wote wawili walikuja kuchukua miwani siku moja. Mwanamume alikuwa dereva wa lori. Wiki mbili alikaa nyumbani akimdanganya tajiri wake kwamba mgongo unauma, maana barabara aliiona uji.

"Wiki mbili, wajina wangu," fundi alimwambia. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa kuambiwa nimekwisha."

"Basi tulikuwa wawili."

Alirudi nyumbani akisoma kila kibao njiani, moyo mwepesi, akaketi mbele ya gauni. Pindo alilolishona jana lilikuwa aibu: mishono inapandana, inatangatanga. Lakini pindo la wiki iliyopita lilinyooka, mishono midogo, yote imelalia kushoto. Yeye hulaza yake kulia. Pembeni yake palikuwa na vitundu vya mishono iliyofumuliwa. Akachukua mashati: vilevile. Mle nyumbani aliyetumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu. Fundi aliona haya, haya ya kweli, hata masikio yakamuwaka.

Akamwita mkwe wake, aliyekuwa akianika nguo uani.

"Hii uliifanya lini?"

Mkwe aliinamisha macho. "Ukijilaza mchana, Mama. Sikutaka ujue kwamba najua."

"Na nani alikufundisha?"

"Wewe. Miaka sita nafagia hapa huku natazama mikono yako."

Fundi akainuka. Akavuta kiti chake mwenyewe, kile kilicho karibu na dirisha, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa," alisema. "Wewe shona. Mimi nitakutungia uzi."