Kunguni wa Upande wa Pili

Bibi mkaguzi hakuvua glavu zake. Aliinua pembe ya godoro kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya, na pale kwenye mshono akatoka kunguni mmoja mnene. Akatembea taratibu juu ya shuka niliyoifua na kuipiga pasi kwa mikono yangu, bila haraka wala haya, mwenye nyumba kwelikweli. Tulimtazama sote watatu: mimi, bibi mkaguzi wa manispaa, na jirani yangu Mavis Haigh, aliyekuja kunipa moyo.

"Lo!" alisema Mavis.

"Asante, Bi Sugden," alisema bibi mkaguzi. "Nimeona ya kutosha."

"Mama, naapa, nyumba hii haijaona kunguni tangu vita viishe!"

"Kila ninapokwenda naambiwa hivyo," alijibu, wala hakusema kwa ubaya, akashuka ngazi huku akiandika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikumbuka alama nyekundu nilizoziona shingoni mwa binti yangu Jean tangu juzi yake, nikajiambia kuwa ni vipele vya joto. Joto gani, mwezi wa Aprili, katika mji wetu?

Nyumba za Mtaa wa Tallis zilipeana migongo na mbavu. Ukuta mmoja ulihudumia nyumba mbili. Ukipiga chafya, jirani alikuombea afya bila kuinuka kitini. Kunguni nao hawakutambua mipaka. Ukiwapulizia dawa upande huu, walionusurika walipenya kwenye nyufa za matofali wakahamia upande wa pili, na kabla ya wiki kwisha jirani alikuwa anajikuna. Ndiyo maana mtaa wetu ulikuwa na sheria moja ambayo hakuna diwani aliyeipitisha: usimwite bwana afya kabla ya kugonga mlango wa jirani. Mnapuliziwa siku moja, au hampuliziwi kabisa. Mtu aliweza kukopa majani ya chai asirudishe, aliweza hata kumkodolea macho mume wa mwenziwe, na tukasamehe. La dawa halikusameheka. Mzee Ackroyd wa mwisho wa safu aliivunja sheria hiyo kabla ya vita, na hadi anaingia kaburini hakuna aliyemwazima hata kiberiti.

Sasa manispaa ilikuwa imeamua kuubomoa mtaa mzima, nasi hatukuulilia. Choo tulichangia nyumba nne, huko uani, na wakati wa baridi maji yake yaliganda. Ijumaa jioni tulichemsha maji jikoni tukaogea kwenye beseni la bati, mtu na zamu yake, na aliyeoga wa mwisho alitoka mchafu kuliko alivyoingia. Jean alikuwa na miaka sita, na kifua chake kilikoroma kuanzia Oktoba hadi Mei kwa unyevu wa zile kuta. Daktari alishaniambia waziwazi kwamba mtoto yule hakuwa na haja ya dawa nyingine. Haja yake ilikuwa hewa na chumba kikavu.

Hewa hiyo ilikuwa Larkfield, juu kilimani, kwenye nyumba mpya za manispaa zenye bustani, choo ndani, na bafu lenye bomba linalotoa maji ya moto. Lakini Larkfield walipelekwa wasafi tu. Wengine walipewa ghorofa kuukuu nyuma ya kiwanda cha gesi. Mimi na Mavis tulishapanga kila kitu: tutaomba nyumba zinazopakana, yeye apande njegere, mimi nipande waridi, na ua katikati yetu uwe mfupi ili tuweze kusengenya bila kupaza sauti. Tulijifungua watoto wetu wa kwanza mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na mwenziwe kando ya kitanda. Ningeambiwa nitaje mtu wa kumwachia mwanangu nikifa, ningemtaja Mavis kabla ya dada yangu wa tumbo moja.

Hata siku ile ya ukaguzi, kabla Mavis hajaingia, bibi mkaguzi aliniuliza jirani yangu ni mtu wa namna gani.

"Mavis?" nilicheka. "Huyo hata makaa ya mawe huyapangusa vumbi kabla ya kuyachoma!" Nikaona kalamu yake ikiandika.

Majibu yalikuja upesi. Akina Haigh, Larkfield. Akina Sugden, nyuma ya kiwanda cha gesi, na kabla ya kuhama tupuliziwe dawa, sisi na vyombo vyetu. Nilikwenda kulilia jikoni kwa Mavis, kwa sababu huko ndiko nilikozoea kulilia. Alinimiminia chai akatia vijiko viwili vya sukari, sukari ya mgao, wakati watoto wake watatu walikuwa wakipigania nusu kijiko.

"Pole, mwenzangu," alisema, macho yake yakiwa kwenye birika. "Mambo ya ofisi hayo. Nilimwambia yule bibi, nikamwambia, Lettie Sugden anajitahidi sana."

Anajitahidi. Neno lenyewe halina kosa, na mimi nilimshukuru. Nilikuwa nimefika kitandani ndipo likaanza kuniwasha.

Aliyekuja kupulizia alikuwa Bwana Clough wa Idara ya Afya, pande la mtu mwenye masharubu ya manjano na pampu mgongoni. Alipiga mluzi ngazi nzima. Alivuta kitanda, akabandua kipande cha karatasi ya ukutani, akamulika kwa tochi, kisha akajikuna kidevu.

"Ajabu," alisema. "Hawa si wenyeji wako, Bi Sugden."

"Nimekuwa nikisema hivyo, hakuna anisikiaye."

"Kunguni mwenyeji huacha madoa nyuma ya karatasi. Hapa ni peupe. Hawa wamehamia juzijuzi kutoka ng'ambo ya ukuta. Ndiyo kawaida yao nikishapulizia."

"Ukishapulizia wapi?"

"Si kwa Bi Haigh? Ile Jumatatu, wiki ya ukaguzi. Alisema nyinyi mmekubaliana, kwamba mtaniita wiki inayofuata." Akanigeukia, na tochi yake ikanigeukia pamoja naye. "Si alikwambia?"

Niliugeukia ukuta wa upande wa Mavis.

"Eh!" alisema Bwana Clough, akaizima tochi. "Nami nikawa najiuliza kwa nini ametaka nije bila kofia ya Idara. Pampu yangu aliiingiza ndani kwa kigari cha mtoto, ameifunika blanketi. Nikadhani ni aibu tu. Wanawake wengi huona aibu."

Jumatatu ile niliikumbuka vizuri. Asubuhi Mavis alifungua mlango kidogo, kitambaa chenye maji kipajini, akaniambia kichwa kinampasuka na hataweza kwenda nasi kwenye nyumba ya kufulia. Nami, mwerevu wa mtaa, nikamwambia, "Lete shuka zako, dada, nitafua pamoja na zangu." Nikayabeba mafurushi mawili hadi kule. Nikasugua, nikasuuza, nikakamua, vidole vikakunjamana. Wakati namfulia shuka zake yeye alikuwa ananimwagia kunguni wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo zenyewe nilizifua bure na kuzikunja!

Jioni nilimweleza mume wangu, Wilf. Alivua buti moja, akabaki amelishika mkononi.

"Ukilitoa nje," alisema mwishowe, "hakuna mlango utakaomfungukia tena."

"Ndicho ninachokitaka."

"Basi litoe."

Sikulitoa. Si kwa sababu mimi ni mwema. Mwulize yeyote wa Mtaa wa Tallis. Nilitaka aniambie mwenyewe. Nilimpa kila nafasi: nilikwenda kumsaidia kufunga sahani kwenye magazeti, tukainamia sanduku moja vichwa vikikaribiana, nikawa nasubiri. Alizungumza juu ya mapazia. Siku lori lilipokuja alimbusu Jean, akanikumbatia akalia machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba yalikuwa ya kweli.

Sisi tukahamia kwenye ghorofa. Harufu ya gesi iliingia hata kwenye mkate, na Jean alianza kukohoa Septemba, hakungoja Oktoba. Usiku nilimsikiliza nikamchukia Mavis. Asubuhi nilikosa mtu wa kumwambia jinsi usiku ulivyokuwa, nikamkosa yeye. Chuki na upweke ni wapangaji wabaya wa chumba kimoja. Kwa hiyo aliponiletea salamu kwamba nije Jumamosi na Jean, tunywe chai na mtoto aoge kwenye bafu, nilijadiliana na nafsi yangu wiki nzima, na nafsi ikashindwa. Nilijiambia alikuwa na hofu, na mwenye hofu haangalii anamkanyaga nani. Atasema tu neno moja, nami nitamsamehe kabla hajalimaliza. Nilioka hata keki ya tangawizi.

Larkfield kulikuwa kama tulivyoota. Upepo ulitoka moja kwa moja kwenye vilima, na Jean alipanda ile njia nzima kutoka kituo cha basi bila kukohoa. Mavis alifungua mlango akiwa amevaa aproni mpya. Alinenepa kidogo, alipendeza. Akatufungulia mikono, halafu akaishusha.

"Lettie, mpenzi," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia bustani ya jirani. "Usichukie. Makoti muyaache pale, kwenye kibanda cha makaa. Unajua tena huko mliko, na wadudu. Na hapa watu wanaangalia sana."

Upepo ulipiga. Jean alishaanza kufungua vifungo, mtoto mtiifu. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wake.

"Bwana Clough anakusalimu," nilisema.

Uso wa Mavis uliporomoka wote kwa pamoja. Alishika ukingo wa mlango.

"Manispaa walisema kwa safu yetu imebaki nyumba moja huku Larkfield," alisema hatimaye. "Moja tu, Lettie. Ungefanyaje wewe? Nina watoto watatu."

"Ningegonga mlango wako," nilisema, na nilipolisema nilijua ni kweli, nikatamani isiwe kweli.

Nilimpita. Ukumbi ulinukia rangi mpya, na ndani kulikuwa na kochi la kijani lenye manyoya, halijakaliwa na watu wengi bado. Niliketi katikati yake na koti langu mwilini, likiwa limefungwa hadi shingoni, nikauegemeza mgongo wote. Mavis alisimama mlangoni, mkono mdomoni, asiweze kutufukuza wala kutukaribisha.

"Njoo uketi, mwanangu," nilimwambia Jean. "Egemea. Egemea vizuri."