Shimo Nyuma ya Ukuta

Zilibaki siku nane watu wa kina Gasana waje Kagarama kumposa Kaliza, na ukuta wa ghala ulikuwa umepasuka. Ghala hilo lilichimbwa ndani ya mteremko, sebule ikakaa juu yake, na sebuleni ndipo Daphrose, mama wa binti, alipopanga kuwaketisha wageni arobaini. Alimwita Usumani, mwashi wa Biryogo aliyeijenga nyumba.

"Hii mipasuko myembamba ni ya zege kukauka tu, Mama Kaliza. Hata ukucha hauingii. Nyumba nayo inaota makunyanzi kama sisi."

"Na ule mpana?"

Ule ulianzia pembeni chini, ukapanda ngazi kwa ngazi hadi dirishani. Usumani akatia sarafu, ikazama.

"Kitendawili," akasema fundi.

"Tega, lakini leo usinichezee."

"Hana miguu, apanda ukuta."

"Ufa! Fundi, tutafukiwa?"

"Ufa uliolala hauui mtu. Uogope unaotembea." Akabandika karatasi kwa uji wa muhogo, ikavuka ufa. "Kesho tukiikuta nzima, karibisha wageni. Ikichanika, asikae mtu huko juu."

Mvua ikamwagika tangu adhuhuri hadi alfajiri. Daphrose hakula. Usumani aliporudi, karatasi ilikuwa vipande viwili.

"Msingi huu niliuweka juu ya mwamba," fundi akanung'unika. "Nini kinaula? Nyuma kuna maji?"

Nyuma kulikuwa na urwina, shimo la kuivishia ndizi za pombe. Wenzake Daphrose huchimba mbali, migombani. Yeye, kwa kuogopa wezi, alilichimba chini ya dirisha lake, hatua mbili kutoka ukutani, akalifunika majani. Ndizi zina siku mbili tu shimoni. Zikifukuliwa mbichi, hakuna pombe, na nyingine hazitawahi kuiva. Na posa bila pombe ni posa gani?

Anyamaze? Akawaza wakwe arobaini wakicheka pale juu.

"Njoo uone, fundi."

Walipofunua majani, maji yalijaa hadi ukingoni, na udongo wa upande wa nyumba ulikuwa umeporomoka.

"Yarabi! Mama Kaliza, umeufungulia ukuta wako kisima!"

"Nicheke baadaye. Leta mawe."

Akaingia shimoni mwenyewe, akatupa nje mikungu mibichi, migumu kama kuni. Saa sita akanawa miguu, akajifunga kitenge kipya, akapanda kilima hadi kwa mshenga wao, mzee Habiyaremye, kuomba posa iahirishwe. Akapiga hodi kabla hajapata maneno.