Mama Breki na Namba ya Damu

Namba ilikuwa imepanda. Daktari alisema hivyo bila kuzungukazunguka, na Mama Breki akamshukuru kimoyomoyo, maana watu wa kuzungukazunguka humpandisha mori. Yeye ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa jinsi anavyokanyaga breki ya upande wake huku akipiga kelele, na hajawahi kulikataa.

"Imepanda mara mbili mfululizo," daktari alisema. "Ile alama ya saratani ya ovari tunayoipima kwenye damu. Lakini picha za tumbo ni safi, na wewe mwenyewe huumwi."

"Huumwi kabisa, mama?" aliuliza binti yake, aliyekaa pembeni ameukumbatia mkoba wa mama yake utadhani kuna mtu anataka kuupora.

"Siumwi. Nakula, nafoka, nalala."

Daktari alitabasamu kidogo. Akaeleza kwamba njia zipo mbili: waanze tena dripu za dawa za saratani sasa, au wasubiri mpaka dalili zitokee ama picha ionyeshe kitu. Huenda ugonjwa unarudi, hilo hakulificha. Lakini kwa mtu asiye na dalili, kuanza mapema kwa ajili ya namba peke yake hakujaonekana kurefusha maisha.

"Tunaanza leo," binti akasema.

"Tunaanza nani na nani?" Mama Breki akamgeukia. "Mshipa wa nani?"

Kilichomsumbua zaidi ni nyayo. Dripu za mwanzo zilimtia ganzi miguuni hata akawa hajui kama amekanyaga pedali au hajakanyaga, akakaa nyumbani akitazamana na ukuta. Sasa ganzi ilikuwa inaachia. Alikuwa amerudi barabarani, ana wanafunzi wa kumkera tangu asubuhi, na maisha yalikuwa matamu jamani! Ayaache hayo yote kwa sababu ya namba? Thubutu!

"Nasubiri," alisema. "Hiyo namba isinipangie lini niwe mgonjwa. Nitakuwa mgonjwa siku nikiugua."

"Sawa, mama, ila kwa sharti," daktari akasema. "Tumbo likijaa, ukishiba kwa matonge mawili, ukisikia maumivu yoyote, uje. Usingoje tarehe ya kliniki."

Binti akacheka kicheko kikavu. "Huyu? Huyu aje aseme? Daktari, mara ya kwanza tumbo lilijaa akatuambia ni gesi. Akawa analegeza sketi kimyakimya! Tulijua siku alipoanguka jikoni."

Mtoto alikuwa amesema kweli tupu, tena mbele ya watu, na ilimchoma Mama Breki.

Walitembea hadi kwenye gari. Mama Breki akawasha, akazima.

"Unataka kufa," binti alisema, machozi yakimtoka. "Sema tu."

"Koma! Nataka kuishi, ndiyo maana nimekataa. Wewe unataka nilale kitandani ili roho yako itulie."

"Nataka uniambie ukweli, mama. Hicho tu. Utaniambia, au utanijibu 'sijambo' mpaka siku ya kukuzika?"

Mama Breki alitazama mbele. Hilo "sijambo" lilikuwa limeshamfika ulimini, neno alilowajibu mumewe, wanafunzi na manesi miaka yote. Akalimeza.

"Vidole vya mguu wa kushoto bado sivihisi vizuri," alisema. "Wa kulia uko sawa, ndio wa breki, usinitolee macho. Jana nilikuwa najibonyezabonyeza tumbo bafuni mpaka maji yakapoa. Nikicheua tu, nasema ndiyo imerudi. Naogopa, mwanangu. Naogopa vibaya mno."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo. Binti akafuta machozi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Basi turudi ndani, mama. Tukaanze dripu."

"Ng'o!" alisema Mama Breki, naye sasa analia waziwazi, hajifichi. "Naogopa, na bado sitaki. Funga mkanda."